Sauti za moyo, vidole, saa au pumzi: upime vipi ukali wa mazoezi?

Kilomita moja kwa dakika saba si kazi ile ile kila mahali. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko kinachokutesa ni joto na unyevunyevu wa ziwa. Nakuru iko karibu mita 1,850. Baridi ya asubuhi inakusaidia, ila hewa ni nyepesi zaidi. Panda hadi Iten, mita 2,400 hivi, na kilomita hiyo hiyo itakukata pumzi hata kama kule Kondele, Kisumu, ulikuwa unajisifu.

Kwa hiyo mwendo peke yake haukwambii mwili umefanya kazi kiasi gani. Inabidi uuulize moyo wenyewe, na moyo una njia kadhaa za kujibu. Unaweza kuusikiliza kifuani, kuhesabu mapigo kwa vidole, kuiachia mashine ikuhesabie, au kufuata pumzi na hisia za mwili. Njia ya kwanza ndiyo wengi hawaijui, nami nitakaa nayo zaidi. Baadhi ya nyumba siku hizi zina stetoskopu, kile kifaa cha daktari cha kusikilizia kifua, bila hata kukusudia. Ilikuja katika mfuko mmoja na kile kipimo cha presha cha kufinya kwa mkono ambacho mzee alinunuliwa, kisha mashine ya betri ikaingia na vyote viwili vikasahauliwa kabatini.

## Vigezo

Kila njia nitaiuliza maswali yale yale. Inapima nini hasa? Lazima usimame ndipo upime, au unaweza kupima ukiwa mwendoni? Inahitaji kifaa gani na ujuzi gani? Nini huipotosha? Na mwisho, inamfaa nani?

Swali la pili ndilo ninalolipa uzito mkubwa, na ndilo watu hulisahau wanapokwenda dukani. Kuna mazoezi yenye vituo, kama kuruka kamba, kupanda ngazi za uwanja, au kukimbia kilima kwa vipande na kurudi ukitembea. Na kuna mazoezi ambayo ukishaanza huachi mpaka mwisho: mbio ndefu, baiskeli, kuogelea. Kipimo kizuri kwa kundi la kwanza kinaweza kuwa usumbufu mtupu kwa la pili.

Kipimo cha jumla tutakachorejelea ni hiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamshauri mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kwa lugha ya mapigo, mazoezi ya wastani ni takriban asilimia 64 hadi 76 ya upeo wa mapigo yako (kasi ya juu kabisa ambayo moyo wako unaweza kufika), na makali ni kuanzia 77 hadi 93 hivi. Upeo huo hukadiriwa kwa kuchukua 208 na kutoa umri wako uliozidishwa kwa 0.7. Mwenye miaka 40 anapata 180, hivyo wastani wake ni mapigo 115 hadi 137 kwa dakika. Kanuni ya zamani ya kutoa umri kwenye 220 bado inatumika sana, na kwa miaka 40 jibu ni lile lile. Zote mbili ni makadirio. Upeo wako halisi unaweza kupishana nayo kwa mapigo 10 au zaidi.

## Kusikiliza sauti za moyo

Inapima nini. Moyo hutoa sauti mbili kila unapopiga. Ya kwanza ni nzito na hutokea chemba za chini zinapoanza kujikaza na vali (milango midogo ya damu) zilizo kati ya chemba za juu na za chini kufungwa. Ya pili ni fupi na kavu zaidi, nayo hutokea moyo unapomaliza kusukuma damu na vali za kwenye mishipa mikubwa kufungwa. Kati ya sauti ya kwanza na ya pili moyo unafanya kazi. Kati ya ya pili na ya kwanza inayofuata, moyo umelegea na unajaa damu.

Mazoezi hubadilisha mambo matatu hapo. Kasi inaongezeka, na hilo kila mtu analijua. La pili, sauti ya kwanza inakuwa kubwa: msuli wa moyo unajikaza kwa nguvu na kwa haraka, vali inakutwa bado iko wazi, na inafungwa kama mlango uliobamizwa na upepo. La tatu ndilo linalonivutia zaidi. Muda wa kazi na muda wa kulegea havipungui sawasawa. Ukiwa umetulia, kulegea huchukua karibu theluthi mbili za kila pigo. Kasi ikipanda, muda wa kazi unapungua kidogo tu, ila muda wa kulegea unaliwa vibaya sana. Mapigo yanapokaribia 140 au 150 kwa dakika, vipindi hivyo viwili huwa karibu sawa. Na kumbuka kwamba msuli wa upande wa kushoto wa moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake wenyewe wakati huo wa kulegea.

Kwa hiyo sauti hukupa kasi, na juu yake nguvu ya msukumo na kiasi cha pumziko kilichobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chongqing, nchini China, walitumia mambo hayo mawili kukadiria akiba ya moyo, yaani uwezo wa ziada unaobaki moyoni: ukubwa wa sauti ya kwanza baada ya mazoezi ukilinganishwa na wakati wa kupumzika, na uwiano kati ya muda wa kulegea na muda wa kazi. Wao walirekodi sauti kwa maikrofoni na kuipima kwa kompyuta. Sikio halitafikia usahihi huo, ila mabadiliko yenyewe ni makubwa kiasi kwamba hata asiye na mafunzo huyasikia.

Wakati wa kupima. Lazima usimame. Hapa hakuna ujanja. Ukikimbia na stetoskopu kifuani utasikia nguo, hatua na pumzi, na moyo utauwinda katikati ya kelele hizo bila kuupata. Hata ukisimama, una sekunde chache tu, kwa sababu mapigo huanza kushuka mara tu miguu inapotulia.

Fanya hivi. Kabla ya kuanza, kaa dakika tano, kisha tafuta mahali moyo unapogonga: upande wa kushoto, kwenye nafasi ya tano kati ya mbavu, chini kidogo ya chuchu kwa mwanamume, chini ya titi kwa mwanamke. Vipachiko vya masikioni vielekee mbele, upande wa pua; vikigeuzwa nyuma sauti hupotea nusu. Bonyeza kisahani juu ya ngozi yenyewe, wala si juu ya fulana. Toa pumzi yote na uizuie kidogo. Utasikia ndum-ta, kisha kimya, ndum-ta, kisha kimya. Hicho kimya kikariri kichwani.

Sasa ruka kamba dakika tatu. Simama, weka kisahani pale pale (wengine hupiga alama ya kalamu ili wasitafute), toa pumzi, izuie kwa sekunde tatu au nne tu kwani mwili hautakuruhusu zaidi. Ile ndum sasa inagonga masikio. Ile ta imekuwa nyembamba, na baada ya zoezi kali sana unaweza hata kuikosa kwa muda, kwa sababu shinikizo la damu hushuka miguu inapoacha kusukuma damu juu. Kimya kimekwisha au kimebaki kidogo. Endelea kusikiliza kwa dakika moja na utakisikia kikirudi.

Ukitaka kugeuza hayo kuwa kipimo, tumia ngazi tatu. Kimya bado ni kirefu wazi kuliko pengo la ndum na ta: zoezi ni jepesi, au ni la wastani. Mapengo mawili yanakaribiana: uko kwenye 140 au zaidi. Huwezi tena kutambua ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili: umepita hapo. Lakini ngazi hizo zisome pamoja na umri. Kijana wa miaka 25 mwenye mapigo 145 yuko kwenye asilimia 76 hivi ya upeo wake, mwisho wa wastani. Mzee wa miaka 65 mwenye sauti ile ile yuko karibu asilimia 90, na huyo ameshazidisha.

Mahitaji. Stetoskopu ya kawaida, ambayo bei yake haifiki ya saa nzuri, na mahali patulivu. Kando ya barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, saa kumi na moja jioni huwezi. Simu haiwezi kushika nafasi hiyo kwa urahisi: maikrofoni zake zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi, ilhali nguvu kubwa ya sauti za moyo iko chini ya hezi 150 (mitetemo 150 kwa sekunde), na simu nyingi huzichuja sauti nzito hivyo kama kelele. Kuna stetoskopu za dijitali zinazorekodi na kuchora mawimbi, na hizo huondoa ubishi wa sikio, ila bei yake ni ya kliniki, si ya nyumbani.

Kinachoipotosha. Mambo mengi, na ndiyo sababu sitaki mtu aisifu kupita kiasi. Sauti ya kwanza huwa kubwa kwa hofu, homa, upungufu wa damu, ujauzito na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Huku kwetu magharibi, mtu anayetoka kwenye malaria au mwenye selimundu anaweza kuwa na ndum ya mwanariadha akiwa ameketi kitandani. Vali iliyokakamaa kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni nayo huikuza sauti hiyo hata bila mazoezi. Kwa upande mwingine, kifua kinene huifanya hafifu. Kwa hiyo usilinganishe sauti yako na ya jirani. Linganisha ya kwako ya leo na ya kwako ya wiki iliyopita, mahali pale pale, kwa zoezi lile lile.

Tahadhari nyingine: mwenye stetoskopu huanza kusikia magonjwa. Kijana mwenye mazoezi anaweza kuwa na sauti ya tatu, hafifu, na ikawa ya kawaida kabisa. Mvumo, yaani sauti ya kuvuma kati ya sauti mbili, unaweza kuwa kitu au usiwe kitu. Anayeamua hilo ni daktari, tena mara nyingi kwa picha ya moyo.

Inamfaa nani. Mwenye mazoezi ya vituo, anayependa kufuatilia maendeleo yake polepole, na mwenye mwenzake wa kumsaidia kushika saa. Pia inamfaa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio anayefuatiliwa kliniki, kwa sababu kwa watu wa namna hiyo baadhi ya mapigo huwa dhaifu mno kufika mkononi. Vidole na hata saa huyakosa, kifua hakiyakosi.

## Kuhesabu mapigo kwa vidole

Inapima nini. Kasi tu. Nguvu ya mshipa chini ya kidole hubadilika pia, ila ni vigumu kuipa namba.

Wakati wa kupima. Lazima usimame au upunguze mwendo sana. Hesabu kwa sekunde 15 na uzidishe kwa nne, na uanze papo hapo. Anayesimama, akanywa maji, akamsalimia rafiki, kisha ndipo akashika mkono, amepima pumziko. Kosa la pigo moja katika sekunde 15 ni kosa la mapigo manne kwa dakika, nalo linavumilika.

Mahitaji. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba cha mkono mwingine. Gumba lisitumike kupima kwa sababu lina mpigo wake. Ukikosa mkononi, gusa shingoni kwa wepesi, upande mmoja tu. Kubonyeza shingo kwa nguvu kunaweza kushusha mapigo na hata kumwangusha mtu mwenye umri mkubwa.

Kinachoipotosha. Jasho, mkono unaotetemeka, na hesabu yenyewe mapigo yakipita 160, maana kinywa hakiwezi kufuata. Joto la Kisumu pia: ukikimbia kwa mwendo ule ule kwa muda mrefu, mapigo hupanda taratibu hata kama miguu haijaongeza kazi, kwa sababu damu inatumwa kwenye ngozi kupoza mwili na maji yanapotea kwa jasho. Hilo la joto huzipotosha njia zote zinazohesabu mapigo, si vidole peke yake.

Inamfaa nani. Karibu kila mtu kama kipimo cha pili. Mwenye shaka na saa yake ahakikishe kwa vidole kabla ya kuilaumu.

## Saa ya mkononi na mkanda wa kifuani

Watu huviweka pamoja, ingawa ndani ni vitu viwili tofauti.

Vinapima nini. Mkanda husoma umeme wa moyo kupitia ngozi ya kifua. Kampuni ya Polar ya Ufini ndiyo iliyoleta kipimo cha kwanza cha kuvaliwa kisicho na waya mwaka 1982, na mpaka leo mkanda ndio unaotumika mara nyingi kukagua usahihi wa saa. Saa haisomi umeme inapofuatilia mazoezi. Inamulika ngozi kwa taa ya kijani na kupima jinsi damu inavyobadilisha mwanga unaorudi. Vyote viwili hutoa kasi, havitoi nguvu ya msukumo.

Wakati wa kupima. Muda wote, bila kusimama. Hapa vidole na stetoskopu havifui dafu. Mtu anayepanda kilima cha Riat, karibu na Kisumu, kwa baiskeli anaona namba ikipanda kila baada ya sekunde chache na anaamua kupunguza kabla hajachelewa.

Mahitaji. Pesa, chaji na subira ya kujifunza menyu. Mkanda unataka uloweshe sehemu za kugusa ngozi kabla ya kuvaa, la sivyo dakika za kwanza namba zitarukaruka. Saa inataka ifungwe kwa kubana, kidole kimoja au viwili juu ya kifundo.

Kinachovipotosha. Mkanda hukosea hasa ukiwa mkavu au umelegea. Saa ina matatizo yake. Asubuhi ya baridi damu hukimbia ngozi ya mikono na taa haioni kitu. Mikono inayoshika kitu kwa nguvu, kama usukani wa baiskeli au vyuma, huivuruga. Na wakati mwingine saa hunasa mdundo wa hatua badala ya moyo: ukiona 170 isiyotikisika huku unapiga soga, hesabu hatua zako kwa dakika na huenda ukapata 170 hiyo hiyo. Kuhusu rangi ya ngozi, jambo ambalo kwetu lina uzito, utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa 2020 haukukuta tofauti ya maana kati ya ngozi nyeusi na nyeupe kwa saa uliozipima. Kilichoongeza makosa ni mwendo, na makosa wakati wa shughuli yalizidi ya kupumzika kwa karibu asilimia 30.

Wapo wanaofunga saa kwenye ndizi ili waonyeshe kwamba ni feki kwa sababu inatoa mapigo. Jaribio hilo halithibitishi lolote. Taa hurudi kutoka kwenye chochote, na hata saa za bei ghali zimewahi kutoa namba kwenye vitu visivyo na uhai.

Vinamfaa nani. Mkimbiaji wa masafa, mwendesha baiskeli, na yeyote anayefanya mazoezi bila kituo. Pia anayetaka kumbukumbu ya miezi bila kuandika daftarini.

## Pumzi, mazungumzo na hisia

Inapima nini. Jinsi mwili mzima unavyolichukulia zoezi. Kipimo cha mazungumzo ni rahisi. Unaweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba: uko kwenye wastani. Unatoa maneno mawili matatu kisha unavuta pumzi: uko kwenye ukali. Ukitaka namba, tumia skeli ya Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, inayoanzia 6 na kuishia 20. Namba hizo hazikuchaguliwa ovyo: ukizizidisha kwa kumi zinakaribia mapigo ya kijana mwenye afya. Kwa jumla 12 na 13 ni wastani, na kuanzia 14 hadi 17 ni makali.

Wakati wa kupima. Muda wote, na bila kugusa chochote.

Mahitaji. Mwenzako wa kuongea naye, au ujasiri wa kujisemesha barabarani.

Kinachoipotosha. Hasa majivuno. Kwenye kikundi cha matembezi cha watu ishirini, nani atasema "mimi niko 16" ilhali aliyemzidi miaka kumi amesema 12? Kikundi chetu cha Nakuru kiliacha kuulizana kwa sauti kwa sababu hiyo. Kila mtu huonyesha vidole chini, upande wa kiongozi. Pumu nayo huchanganya, kwani mtu huishiwa pumzi kabla moyo haujachoka. Na anayeanza mazoezi huona kila kitu ni 18 kwa wiki mbili tatu za kwanza, kisha hisia hujirekebisha.

Inamfaa nani. Kwanza kabisa, wanaotumia dawa za presha au za moyo za kundi la atenolol, propranolol, bisoprolol na carvedilol. Dawa hizo huzuia mapigo yasipande na hupunguza nguvu ya msukumo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na mapigo 105 huku amefika mwisho wa uwezo wake. Akifuata vidole, saa au ukubwa wa ndum, vyote vitamwambia aongeze. Pumzi yake ndiyo itakayosema kweli.

## Chagua kulingana na hali yako

Unaanza kutembea jioni na huna kifaa chochote: tumia mazungumzo kila siku, na vidole mara moja kwa wiki kwenye mwinuko ule ule. Usinunue kitu kwa miezi miwili ya kwanza.

Unajiandaa kwa mbio za masafa: mkanda, ukiweza kuumudu. Ukisafiri kutoka Nakuru kwenda kukimbia Kisumu, au kupanda Eldoret, punguza imani yako kwa kasi ya kilomita na ufuate mapigo pamoja na skeli ya Borg kwa siku za kwanza. Vikigongana, mchana wa jua kali, mimi nafuata Borg.

Unaruka kamba au kupanda ngazi nyumbani na stetoskopu iko kabatini: sauti za moyo zitakupa kitu ambacho saa haitakupa. Chagua siku moja ya wiki, zoezi moja, muda mmoja. Sikiliza kabla, mara tu baada ya kusimama, na dakika moja baadaye. Baada ya wiki kadhaa, kwa zoezi lile lile, kimya kinapaswa kuwa kirefu zaidi kuliko mwanzo, na kirudi haraka zaidi. Kwa siku nyingine zote pumzi inatosha.

Unatumia dawa za kundi nililotaja: pumzi na Borg, na umuulize daktari wako kikomo chako ni namba gani kwenye skeli hiyo. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi ambayo haishuki ukipumzika, acha zoezi na utafute matibabu. Hapo hakuna cha kupima.

Umetoka kwenye malaria, umeambiwa huna damu ya kutosha, au una mimba: weka stetoskopu pembeni. Homa peke yake hupandisha mapigo kwa takriban 10 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo na saa nayo usiisikilize sana. Tembea kwa kiwango cha kuzungumza, basi.

Uliwahi kuambiwa utotoni una homa ya baridi yabisi, au unasikia mvumo usioisha kati ya sauti mbili: nenda hospitali kwanza, uchunguzwe vali, kisha urudi kuchagua kipimo cha mazoezi.

Wewe ni mwalimu wa mazoezi mwenye wanafunzi hamsini na kipindi cha dakika arobaini: vidole. Wafundishe wote kushika kifundo, piga filimbi, hesabuni sekunde 15 pamoja. Stetoskopu moja inatosha kwa somo la siku moja, wanafunzi wakipokezana watatu watatu kabla na baada ya kukimbia uwanja. Kila mmoja ashike kisahani mwenyewe na kukipitisha chini ya shati lake, asishikiwe na mtu. Na uwe na pamba na spiriti ya kupangusia vipachiko vya masikioni kati ya mtoto na mtoto.